Mkalimani wa Andoany

Nilimjua kwa mgongo kabla ya kumjua kwa uso. Hadi leo nikijaribu kumkumbuka, kinachonijia kwanza ni ule mgongo ulionyooka ndani ya kitambaa cha maua ya njano, ukitutangulia kwenye njia nyekundu kati ya miti ya langilangi, nasi wanafunzi kumi na wawili tukimfuata kwa mstari kama watoto wanaopelekwa kudungwa sindano. Harufu ya maua yale ilikuwa nzito, harufu inayolegeza macho. Nilitembea nikihisi kwamba siendi mahali popote, ila naota kwamba naenda.

Tulitoka chuo kikuu, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa tumepelekwa Madagaska kwa wiki tatu, mbili kisiwani Nosy Be na moja katika mji wa Mahajanga, tukajifunze umaskini ukoje na namna maskini wanavyoweza kuungana katika ushirika wakajiinua. Ndivyo barua ya safari ilivyosema. Kimalagasi hatukujua hata neno, na Kifaransa chetu kilikuwa cha kuombea maji. Ndipo alipotafutwa yeye.

Sitaanza na alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, kwa sababu mwenyewe hakupenda kuulizwa, na mara mbili nilizojaribu alinijibu kwa kunikaribisha chai. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeishi Andoany, mji mkuu wa kisiwa, na kazi yake ilikuwa kudarizi vitambaa vya meza. Kiswahili alikipata Unguja, alikoishi miaka michache kwa shangazi yake akiwa msichana. Pale Andoany hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Sokoni watu walisema Kimalagasi, ofisini Kifaransa, nyumbani kwake Kikomoro, na Kiswahili kilikuwa kimebaki katika maneno machache ya msikitini na ya bandarini. Alituambia kwamba alikuwa akikizungumza peke yake anapopepeta mchele, kisipotee. Kwa hiyo kilikuwa Kiswahili safi, cha zamani kidogo, kisicho na neno hata moja la siku zetu. Tulipomwambia "miundombinu" alitutazama kwa huruma.

Sisi tulimwita Mama, lakini tukiwa wenyewe tulimwita Mkalimani, na jina hilo ndilo lililobaki.

Alikuwa na masharti. Hakuna kuingia nyumba ya mtu kabla ya salamu kwisha, na salamu za kule haziishi upesi. Ukiletewa kiti pekee cha nyumba, hukikalii. Unakaa mkekani na wenyeji. Ukipewa ranovola, yale maji wanayoyachemshia ukoko wa wali ulioungua, unakunywa. Mwenzetu mmoja aliyetoka Moshi alisukuma kikombe kwa adabu akisema tumbo lake si zuri. Mkalimani hakumgombeza. Alizungumza na mwenye nyumba kwa sauti ya upole, na mwenye nyumba akaleta kikombe cha pili, kikubwa zaidi. Alikuwa amemwambia, tulikuja kujua baadaye, kwamba mgeni huyu amekipenda ila anaona haya kuongeza.

Wakati wa kutafsiri hakukaa. Alisimama kati yetu na wenyeji, mikono ikiwa nyuma, macho yakitazama mahali pasipo na mtu. Kabla ya kusema alinyamaza kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Mhadhiri wetu, aliyekuwa na ugonjwa wa maswali marefu, angeuliza jambo lenye vipengele vitatu kuhusu kipato cha kaya kabla na baada ya ushirika, na Mkalimani angenyamaza, kisha angesema maneno matano. Mwenyeji angejibu dakika nzima. Mkalimani angenyamaza tena, halafu angetupa sentensi moja iliyonyooka, tayari kuandikwa. Tulimwona hodari sana. Mhadhiri alisema hajawahi kupata mkalimani mwenye muhtasari kama yule.

Lakini alikuwa na tabia moja iliyotushangaza. Kilichotuhusu sisi hakukipunguza hata chembe. Mahajanga, katika ua wa wanawake wanaosuka mikeka, bibi mmoja alisema jambo na wenzake wote wakaangua kicheko. Mkalimani alingoja kicheko kiishe, akasema, "Anauliza, mmetoka mbali hivi, kwenu maskini wamekwisha?"

Tulicheka na sisi. Hakuna aliyeliandika swali hilo, na nadhani Mkalimani alitazama kama kuna atakayeliandika.

Alikuwa mkali juu ya zawadi. Alitukataza kugawa peremende, akasema watoto watajifunza kutukimbilia badala ya kutuamkia. Lakini mimi nilimwona kwa macho yangu, Mahajanga, akimpa mtoto asiyemjua embe lote alilokuwa amenunua, akajiziba mdomo kwa mkono kama aliyeiba. Hakukosa swala hata moja katika wiki zile tatu, na hakukosa pia kusimama kila tulipopita kwenye ngoma, akitingisha kidole gumba tu, hicho kidole peke yake, mwili mzima umetulia.

Siku ninayotaka kuieleza ni ya Nosy Be, kwenye kiwanda cha kuchemshia maua. Ushirika wa wachumaji ulikuwa na mapipa makubwa ya shaba, kuni, na lori moja. Wanawake walichuma langilangi alfajiri, na maua yale yalitakiwa kufika kiwandani kabla jua halijakuwa kali, la sivyo mafuta yake ya manukato hayafai. Mvuke ulitanda kila mahali. Watu walitokea ndani yake na kupotea, na mazungumzo yote ya asubuhi ile nayakumbuka kama yaliyosemwa na watu walio upande wa pili wa pazia. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa nasi, mtu mkubwa, mchangamfu. Alituchagulia mchumaji mmoja wa kuzungumza naye, mwanamke mwembamba mwenye unga wa manjano usoni, ule wanaojipaka kujikinga na jua.

Mhadhiri akauliza lile swali lake la kipato. Mkalimani akanyamaza, akasema maneno yake machache. Mwanamke yule akajibu kwa sauti ya chini, polepole, muda mrefu, mikono yake ikishika na kuachia upindo wa nguo. Mkalimani alinyamaza mara hii kupita kawaida. Kisha akasema, "Anasema msimu wa maua kazi ni nyingi, na lori halitoshi."

Tukaandika: tatizo la usafiri. Mimi nilikuwa na redio kaseti begani, na kaseti ilikuwa ikizunguka.

Nilirudi Dar es Salaam nikaandika tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho juu ya ushirika ule. Nilijivunia sana sura ya tatu, yenye maneno ya wachumaji wenyewe. Zikiwa zimebaki wiki chache kuikabidhi, nilikutana na mwanafunzi Mmalagasi aliyekuwa akisomea udaktari, nikamwomba asikilize kaseti zangu anihakikishie majina ya mahali. Tulikaa chumba cha nyuma cha maktaba, mchana, feni ikizunguka bila kuleta upepo. Akasikiliza akitabasamu. Kisha akaniuliza kama huyu mkalimani alikuwa mzima wa akili.

Kwenye kaseti hakukuwa na swali letu hata moja. Tulipouliza watu wanakula mara ngapi kwa siku, Mkalimani alikuwa amewauliza jana walipika nini, na kilikuwa kitamu? Tulipouliza nani ana madaraka juu ya matumizi ya nyumba, aliuliza mama mkwe hajambo? Na pale kiwandani, mhadhiri alipouliza kuhusu kipato, yeye alimuuliza yule mchumaji, "Watoto wako wote wazima?"

Mmalagasi yule akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza jibu mara mbili. Aliponitafsiria alikuwa ameacha kutabasamu. Mchumaji alisema kwamba mmoja hayupo. Binti yake wa miaka minne alishikwa na homa asubuhi ya mavuno, akaenda kumwomba mwenyekiti lori limpeleke mtoto hospitali Andoany, na mwenyekiti akamwambia lori limepakia, lishushe kwanza, maua hayasubiri. Alimbeba mgongoni akaenda kwa miguu. Akasema, mtoto aliacha kuwa wa moto njiani, na yeye akadhani anapona.

Nilikwenda kwa mhadhiri nikamweleza yote. Alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Akasema nina njia mbili, kuitoa sura ya tatu nikahitimu na wenzangu, au kurudi kule. Mwaka uliofuata kikundi kingine kilikuwa kinakwenda, nikaomba nafasi. Wenzangu walivaa majoho bila mimi. Nilipoteza mwaka, na baba yangu, huko Tanga, hakunisemesha kwa miezi mitatu.

Nilimkuta barazani kwake, akidarizi. Alifurahi kuniona, akanipigia kelele za Kikomoro kama mtoto wake aliyerudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali na furaha ile ilinipotezea maneno. Basi nikaweka redio kaseti juu ya meza, nikabonyeza. Sauti ya mchumaji ikatoka. Mkalimani alisikiliza sindano ikiwa mkononi, na sentensi yake ya Kiswahili ilipofika, ile ya lori halitoshi, akasema, "Izime."

"Mama, yule alisema mtoto wake amekufa."

"Najua alichosema."

"Wewe ukatuambia lori halitoshi."

Aliiweka sindano kwenye kitambaa taratibu. "Mwenyekiti alikuwa amesimama wapi? Unakumbuka?"

Sikukumbuka.

"Nyuma yangu. Nilikuwa nasikia pumzi zake. Ningewaambia, mngemgeukia pale pale mkamuuliza. Wewe ulikuwa na tiketi ya ndege, mwanangu. Mimi na yule mwanamke tunakutana sokoni Jumatatu, na mwenyekiti tunakutana naye Jumanne."

Nikamuuliza kwa nini basi asiulize maswali yetu kama yalivyo. Akasema baadhi hayaulizwi. Huwezi kumuuliza mtu mbele ya wanawe anakula mara ngapi, kisha ukaandika jibu na kuondoka nalo. Halafu, bila mimi kuuliza, akanieleza jambo la Mahajanga. Yeye alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa zanatany, watoto wa nchi, baba Mkomoro na mama Mmalagasi. Katika miaka ya sabini, zilipotokea vurugu dhidi ya Wakomoro na wengi wao wakaihama Mahajanga, alikaa siku kadhaa na mamia ya watu ndani ya uwanja, wakisubiri meli. Alikuja mtu na karatasi, mgeni, na mkalimani wake. Zamu yake ilipofika alieleza kila kitu, nani alikuja mlangoni, nani alimficha, nani hajaonekana. Alieleza mpaka koo likakauka. Yule mkalimani akamgeukia mwenye karatasi akasema maneno manne, naye akaandika.

"Kifaransa nilikuwa nakijua," akasema. "Alisema, mwanamke, hana jeraha, anayefuata."

Nilikuwa kijana na nilikuwa nimepoteza mwaka. Nikamwambia, "Na wewe ukamfanyia yule mchumaji vilevile."

Sauti niliyolisemea ndiyo ninayoijutia hadi leo, neno lenyewe silijutii. Alikunja kitambaa mara nne, akaingia ndani, nikasikia maji yakimiminwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilikaa mpaka kivuli cha baraza kikafika barabarani. Hakutoka. Nikaondoka na redio yangu nikiwa na hakika kwamba nimemaliza kila kitu.

Asubuhi nilimkuta kwenye lango la nyumba ya wageni, amesimama, amevaa kile kitambaa cha njano. Alisema tu kwamba ni mbali na jua litatukuta njiani.

Mchumaji alikuwa akiishi mwisho wa shamba, nyumba ya makuti, kuku wawili, na harufu ile ya langilangi iliyoingia hata ndani ya sufuria. Alitutandikia mkeka. Na Mkalimani, ambaye sikuwahi kumwona akikaa kazini, akakaa. Alikaa uso kwa uso na yule mwanamke, magoti yao yakikaribiana, akamwambia maneno ya Kimalagasi ambayo hakunitafsiria. Yalikuwa marefu. Mchumaji alimtazama bila kupepesa. Kisha akasogea kidogo, kumpa nafasi zaidi kwenye mkeka.

Ndipo Mkalimani akaniambia, "Uliza maswali yako. Nitayasema yote."

Sikuwa na maswali. Nikamwomba amwambie aseme anachotaka. Mwanamke akasema, na Mkalimani akawa anamfuata sentensi kwa sentensi, haongezi, hapunguzi, sauti ikiwa ile ile mwanzo hadi mwisho. Anasema mtoto aliamka na homa. Anasema maua hayasubiri, ndivyo alivyoambiwa. Anasema njiani alikutana na lori linarudi tupu, na dereva akampungia mkono, hakujua. Anasema alipofika hospitali muuguzi alimtoa mtoto mgongoni, akamfunika. Anasema wageni walikuja mwaka jana akawaambia, wakaandika, akadhani mambo yameandikwa. Anasema mkalimani wa mwaka jana alikuwa mwoga.

Mkalimani alilisema hilo kama alivyosema mengine yote. Mikono yake tu ilikuwa imeshikana nyuma, kwa nguvu, ingawa alikuwa amekaa.

"Anasema uandike jina," akaendelea. "Hataki useme 'mtoto mmoja'. Anaitwa Soa."

Niliandika. Mchumaji akainama kuona, akaweka kidole chini ya zile herufi tatu, akauliza kama ni fupi hivyo. Mkalimani akamwambia ndiyo, ni fupi hivyo.

Sura ya tatu niliiandika upya, na mhadhiri aliisoma akanirudishia bila kuandika chochote pembeni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kama ilimsaidia mtu, sijui. Niliporudi miaka michache baadaye, sasa nikiwa mwalimu mwenye wanafunzi wangu, ushirika ulikuwa umevunjika, na lori lilikuwa limeegeshwa kando ya njia bila magurudumu, mitambaazi imeingia dirisha moja na kutokea la pili, inachanua. Mchumaji alipita pale kila siku. Nilimuuliza kama angetaka liondolewe. Akasema hapana, liache.

Nilipeleka wanafunzi mara nyingi baada ya hapo, na Mkalimani aliendelea kusimama kati yetu na wenyeji. Tangu siku ile ya mkekani aliuliza maswali kama yalivyo, hata yale mabaya. Lakini tukishatoka nje na kupiga hatua chache aliwageukia vijana, akawaambia, "Nimeuliza kama mlivyotaka. Sasa mmeona nyuso zao." Wengine walikasirika. Msichana mmoja alilia, akafuta ukurasa mzima wa maswali, na huyo leo ndiye mwalimu bora kuliko wote niliowafundisha.

Kisha safari zikakoma. Vijana wa siku hizi wanakwenda kwingine, wanazungumza Kiingereza, wana neno jipya la biashara yenye faida kwa jamii, na hawahitaji bibi mdarizi wa Kiswahili. Mimi nilistaafu. Mara ya mwisho nilikwenda peke yangu, kwa sababu nilisikia amehamia Mahajanga, kwa mpwa wake, mtaa wa Antanimasaja.

Alikuwa amekuwa mdogo. Ule mgongo ulikuwa umepinda, na macho yalikuwa na ukungu wa rangi ya maziwa. Kiswahili kilikuwa kizima. Tulizungumza siku mbili, mambo ya upuuzi zaidi, bei ya nyuzi, na nani amekufa. Siku ya tatu aliniambia nimwitie pusipusi, vile vigari vya magurudumu mawili vinavyovutwa na mtu, ambavyo Mahajanga imejaa. Alitaka kwenda Tanambao, mtaa mwingine wa mji ule. Mpwa wake alistaajabu, akasema shangazi hajawahi kukanyaga Tanambao tangu alipokuja.

Njiani, tukiwa tumebanana kwenye kiti kimoja, jua linapita kwenye turubai na kumfanya kila mtu barabarani aonekane wa dhahabu, alinieleza kwamba alikuwa na mume, fundi cherehani. Baada ya zile siku za uwanjani mume alipanda meli. Yeye mama yake alikuwa wa pale, ingewezekana kubaki, basi wakakubaliana abaki wiki moja alinde nyumba. Ndani ya wiki hiyo nyumba ikapata watu wengine, na yeye akaenda Nosy Be na nguo aliyovaa. Mume hakurudi. Aliyasema hayo akitazama mgongo wa mvutaji, kama anavyotafsiri.

Alijua kona zote, hata kwa macho yale. Akasema hapa, na gari likasimama mbele ya nyumba ya mabati yenye mlango wa samawati. Mwanamke kijana alikuwa mlangoni, mtoto mchanga begani, anampigapiga mgongo acheue. Akatuamkia, akauliza tunamtafuta nani. Kimalagasi changu kilikuwa kimetosha kuelewa hayo.

Nilidhani Mkalimani angesema tumepotea njia. Alishuka akishika bega langu, akasogea mpaka kizingiti, akaugusa ubao wa mlango kwa kiganja kizima.

"Mvua za Januari," akamwambia yule kijana, "maji huingia hapa chini. Ukiweka gunia la mchanga upande huu, si ule, hayaingii."

Yule kijana akamtazama, akautazama mlango. Akasema ni kweli, kila mwaka yanaingia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama, mliishi hapa?"

"Ndiyo," akasema. "Miaka kumi na minne."

Niliona kitu kikipita usoni mwa yule mwanamke, hofu, kwa sababu nyumba ilikuwa yake sasa na mwanawe alikuwa amezaliwa humo. Mkalimani naye aliiona, au aliisikia. Akanyoosha mikono, sio kuelekea nyumba, kuelekea mtoto. Kijana akasita, kisha akampa. Mtoto akamcheulia kwenye kitambaa.

"Ingia, Mama," kijana akasema. "Usisimame mlangoni."

Akaingia, mtoto begani, akiinamisha kichwa chini ya boriti ambayo mgeni asingejua kwamba ipo. Mimi nilibaki barabarani. Niliwasikia ndani, sauti mbili, halafu kiti kikiburutwa, halafu sauti mbili tena, na ingawa lugha sasa niliielewa, maneno hayakunifikia. Mvutaji wa pusipusi, mzee mwenye kofia ya ukili, akaniuliza kama asubiri. Nikamwambia asubiri. Akasogeza gari lake penye kivuli cha ukuta, akakaa juu ya mpini, akanionyesha nafasi kando yake, nami nikakaa.